London hadi Paris ni kilomita 344 tu. Mbona tiketi inaonyesha masaa mawili na dakika ishirini?

Mzee wa Ramani

Wakuu, salaam.

Kuna swali linarudi kila mara kutoka kwa watu wanaokwenda kusoma, kutibiwa au kutembelea ndugu Ulaya, na majibu wanayopewa mara nyingi ni nusunusu. Mtu anapima kwenye ramani London hadi Paris, anapata kilomita kama 344 kwa mstari ulionyooka. Anajua ndege ya abiria hukimbia zaidi ya kilomita 800 kwa saa. Anapiga hesabu, inatoka dakika 25. Akifungua tiketi anakuta ndege inaondoka London saa 1:20 asubuhi na kufika Paris saa 3:40 asubuhi. Akitazama ya kurudi ndiyo anachanganyikiwa kabisa: kuondoka Paris saa 11:00 jioni, kufika London saa 11:20 jioni. Kwenda masaa mawili na ushee, kurudi dakika ishirini, na njia ni ileile.

Naomba nilieleze taratibu, kwa sababu watu wanapanga safari za kuunganisha ndege kwa kutazama namba hizi juujuu, kisha wanaachwa na hela zao zimepotea.

Tuanze na saa. Paris iko mbele ya London kwa saa moja, mwaka mzima. Nchi zote mbili husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, tena kwa wakati mmoja, kwa hiyo tofauti kati yao haibadiliki. Tiketi huandika saa za mahali: kuondoka ni saa za London, kufika ni saa za Paris. Ukienda, toa saa moja. Ukirudi, ongeza saa moja. Safari zote mbili hapo juu zinakuwa saa moja na dakika 20. Sisi tunaofuata saa za Afrika Mashariki (Kenya, Tanzania, Uganda) hatusogezi saa, kwa hiyo majira yao ya joto Paris iko nyuma yetu kwa saa moja na London kwa masaa mawili. Wakati wa baridi inakuwa mawili na matatu. Mwambie hivyo mtu wa nyumbani anayesubiri simu yako, asije akakaa na wasiwasi bure.

Sasa hiyo saa moja na dakika 20 nayo si muda wa kuwa angani. Mashirika ya ndege huhesabu tangu ndege inapoachia geti la kuondokea hadi inaposimama kwenye geti la kufikia. Kutoka kiwanja cha Heathrow, London, hadi kiwanja cha Charles de Gaulle, Paris, ni kilomita kama 348, na muda wa angani kwa kawaida ni dakika 45 hivi, wakati mwingine inafika 50. Zinazobaki zinaliwa ardhini. Heathrow, pamoja na wingi wote ule wa ndege, ina njia mbili tu za kurukia, na karibu kila nafasi ya kuruka na kutua imeshajaa. Ndege inaondoka getini, inajipanga nyuma ya nyingine, inasogea, inasimama, inasogea tena. Charles de Gaulle ina njia nne, lakini kiwanja chenyewe ni kipana mno. Ukitua njia ya mbali na jengo lako utatembezwa ardhini mpaka ujiulize kama mmekosea kiwanja.

Na hata angani ile kilomita 830 kwa saa ya ndege ya abiria kama Airbus A320 haipatikani kwa muda mrefu. Chini ya futi 10,000 ndege kwa kawaida hutakiwa isizidi kilomita kama 460 kwa saa. Inapanda, inakaa sawa kwa dakika chache, rubani anaanza kushuka. Watoa huduma wanakimbizana na chai, hamjamaliza kunywa vikombe vinakusanywa.

Ukirudi London kuna jambo jingine. Waongoza ndege wa Heathrow wana sehemu nne za kuzungushia ndege zinazosubiri zamu ya kutua: Bovingdon, Lambourne, Ockham na Biggin. Ndege zinazotoka upande wa Paris kwa kawaida hupelekwa Biggin, kusini mashariki mwa jiji. Ukiona mnazunguka na mto uleule unapita dirishani tena na tena, hakuna hatari yoyote, mko kwenye foleni. Mashirika yanalijua hilo na yamelitia ndani ya ratiba, ndiyo maana siku isiyo na foleni mnafika kabla ya muda.

Naomba kuwasilisha. Wenye uzoefu waongezee.

Kijana wa Likoni

Shukran sana Mzee wa Ramani, leo nimeelewa. Kwa hivyo London na Paris ziko karibu kuliko Nairobi na Mombasa? Mimi Nairobi–Mombasa nakuta imeandikwa kama saa moja tu. Mbona yetu ni ndefu kwa umbali na fupi kwa muda?

Mzee wa Ramani

Ndivyo ilivyo, ndugu yangu. Nairobi–Mombasa kwa ndege ni kilomita zaidi ya 420. Dar–Dodoma nayo iko karibu na 390. London–Paris ni fupi kuliko zote mbili. Tofauti ni wingi wa ndege. Moi International, kiwanja cha Mombasa, hukai kwenye foleni ya kuruka kama ile ya Heathrow, wala huzungushwi angani kungoja zamu siku ya kawaida. Ndiyo maana nasema umbali peke yake haukwambii muda. Safari ikiwa fupi namna hii, kinachoamua ni hali ya viwanja vya pande mbili. Safari ya Nairobi–London, kilomita kama 6,800, hata ukipoteza nusu saa ardhini huioni.

Fundi wa Mitambo

Mkuu, uzi mzuri. Niongezee upande wa historia, kwa sababu njia hii si ya mchezo: ndiko usafiri wa ndege wa kila siku kati ya nchi na nchi ulikoanzia.

Tarehe 25 Agosti 1919 ndege ya kampuni ya Aircraft Transport and Travel iliondoka Hounslow Heath, jirani kabisa na ilipo Heathrow leo, ikaenda Le Bourget nje ya Paris. Ilikuwa ndege ndogo aina ya DH.4A, ya vita iliyogeuzwa. Ilibeba abiria mmoja, magazeti, ngozi, ndege wa kuwindwa aina ya grouse, na krimu ya maziwa. Ilichukua kama masaa mawili na nusu. Miaka kumi kabla yake, Julai 1909, Louis Blériot alikuwa wa kwanza kuvuka mlangobahari wa kati ya Ufaransa na Uingereza kwa ndege yenye injini, Calais hadi Dover, kwa dakika kama 36. Kwa hiyo ndani ya muongo mmoja watu walitoka kwenye kuvuka maji tu hadi kuwa na ratiba ya kila siku.

Lakini kuna tukio moja ambalo kila anayepanda ndege angepaswa kulijua. Siku zile hakukuwa na njia za angani. Rubani alitazama chini, akafuata barabara au reli. Wa kutoka London na wa kutoka Paris walifuata barabara ileile, kila mmoja akija kumkabili mwenzake. Tarehe 7 Aprili 1922, siku ya ukungu, ndege mbili za njia hii ziligongana uso kwa uso kaskazini mwa Ufaransa, eneo la Picardie: DH.18 ya Waingereza iliyokuwa inakwenda Paris, na Farman Goliath ya Wafaransa iliyokuwa inakwenda London. Watu saba walikufa, wote waliokuwamo. Ilikuwa mara ya kwanza ndege za abiria zenye ratiba kugongana angani.

Baada ya hapo ndipo wahusika wa njia hii wakakaa Croydon, kiwanja cha ndege cha London siku zile, wakakubaliana taratibu: kila mtu ashike upande wake wa kulia, na pawe na njia zinazojulikana. Huo ndio mzizi wa kinachofanyika leo, ndege kufuata njia zilizopangwa na kimo kilichopangwa, ya kwenda ikiwa juu au chini ya ya kurudi. Mzee wa Ramani amesema kilomita 348, lakini hiyo ni ya mstari ulionyooka. Ndege haiendi hivyo hata siku moja. Inatoka kwa njia yake, inapinda kwenye alama zake, inaingia Paris kwa njia ya kuingilia, kwa hiyo kilomita inazoruka kweli zinazidi hapo. Mtu akikulalamikia kwamba ndege inapoteza muda kwa kuzunguka, mkumbushe wale saba.

Upepo nao upo. Eneo lile upepo mara nyingi unatoka magharibi. Paris iko kusini mashariki ya London, kwa hiyo kwenda unasukumwa kidogo na kurudi unapingwa. Kwa safari hii ni tofauti ya dakika chache. Anayevuka Atlantiki ndiye anayeuona vizuri, kwake inafika saa nzima.

Bint Pangani

Nimesoma yote, na nawashukuru kaka zangu. Ila niseme kama mtu ninayeishi London: kwa nini mnazungumzia ndege tu? Anayetoka katikati ya London kwenda katikati ya Paris apande treni. Nalisema hili kwa moyo wote, kwa sababu kila mwaka wageni wanakuja, wanaona tiketi ya ndege ya bei ndogo, wananunua bila kuuliza, halafu siku nzima inaishia njiani.

Treni ya Eurostar inaondoka stesheni ya St Pancras, London, na kufika stesheni ya Gare du Nord, Paris, katikati hadi katikati. Ni kilomita 492 za reli, na ile ya haraka inatumia masaa mawili na dakika 16. Inafika kilomita 300 kwa saa. Handaki la kuvukia kati ya Uingereza na Ufaransa lina urefu wa kilomita 50 na kidogo, karibu 38 zikiwa chini ya bahari, na unapita gizani kama dakika 20 tu. Lilifunguliwa rasmi tarehe 6 Mei 1994, na Malkia Elizabeth wa Pili na Rais Mitterrand. Mwanzoni treni zilitoka stesheni ya Waterloo, na upande wa Uingereza zilikwenda polepole kwenye reli za zamani. Mwaka 2007 reli mpya ya kasi ilipokamilika ndipo zikahamia St Pancras na safari ikafupika.

Sasa fanyeni hesabu ya mlango kwa mlango, siyo ya tiketi. Ndege: ufike stesheni ya Paddington, upande treni ya Heathrow Express dakika 15, uwe kiwanjani masaa mawili kabla, saa moja na dakika 20 za ndege, foleni ya pasipoti Charles de Gaulle, kisha treni ya RER B kama nusu saa hadi mjini. Ni masaa matano, na hapo hakuna kilichoharibika. Treni: mimi hufika St Pancras saa moja na nusu kabla, na safari ni masaa mawili na robo. Hayafiki manne.

Na jambo ambalo wengi hawalijui: ukaguzi wa pasipoti wa Ufaransa unafanyika palepale St Pancras, kabla hujapanda. Maofisa wa Kifaransa wako ndani ya stesheni ya London, na wa Kiingereza wako Gare du Nord. Ukishuka Paris unatoka moja kwa moja barabarani na begi lako, hakuna dirisha jingine. Ila kwa sababu hiyohiyo usifike stesheni dakika za mwisho kana kwamba unakwenda Birmingham, hapohapo Uingereza. Geti linafungwa kama nusu saa kabla, na tangu Oktoba 2025 Ulaya imeanza mfumo mpya wa kuchukua alama za vidole na picha ya uso kwa wasio raia wa huko, kwa hiyo foleni inaweza kuwa ndefu kuliko ulivyozoea.

Mkazi wa Slough

Dada yangu Bint Pangani, nakuheshimu, lakini hesabu yako ni ya mtu anayekaa karibu na St Pancras. Mimi nakaa Slough. Heathrow kwangu ni jirani, nafika hata kwa basi. Kwenda St Pancras nianze kuingia jijini asubuhi na mizigo na watoto, nishuke, nipande tena. Kwangu ndege inashinda au inalingana.

Na bei pia tuiseme kwa haki. Treni ukikata tiketi mapema unapata nafuu. Ukikata wiki yenyewe ya safari, hasa Ijumaa, inauma vibaya. Familia ya watu watano inaweza kuona heri gari: unaendesha hadi Folkestone, gari linapakiwa kwenye treni ya kubeba magari, dakika 35 uko Calais, unaendelea na barabara. London–Paris kwa barabara ni kilomita kama 460, na utatumia masaa sita na kitu. Basi la usiku lipo pia, masaa nane au tisa. Ni kazi kwa mgongo, lakini kwa mwanafunzi ni msaada mkubwa.

Bint Pangani

Kaka wa Slough, hapo nakubali. Swali la kwanza liwe unatokea wapi na unakwenda mtaa gani. Anayekwenda kwa ndugu zake kusini mwa Paris anaweza kupata ndege ya Orly, kiwanja cha kusini mwa jiji, na tangu 2024 metro namba 14 inafika pale kiwanjani. Lakini wasomaji, tafadhali: tazameni jina la kiwanja, siyo jina la jiji. Gatwick, Luton na Stansted zote huuzwa kama London, na ziko nje kabisa. Beauvais huuzwa kama Paris, na iko kilomita 85 kutoka Paris. Ile bei ndogo utailipa kwa nauli ya basi na kwa muda wako.

Kijana wa Likoni

Kama treni ni nzuri hivyo, kwa nini bado kuna ndege? Nilisikia Ufaransa ilipiga marufuku ndege za safari fupi.

Fundi wa Mitambo

Sheria ile ilianza kufanya kazi Mei 2023, na inahusu safari za ndani ya Ufaransa tu, pale ambapo treni inafika kwa chini ya masaa mawili na nusu. Zilizoguswa ni Orly kwenda Nantes, Lyon na Bordeaux. London ni nchi nyingine, haimo. Na hata kwenye zile za ndani, abiria wa kuunganisha ndege waliachwa. Hilo ndilo jibu la swali lako: wengi waliomo kwenye ndege ya London–Paris hawaendi Paris. Wanakwenda Charles de Gaulle kubadilisha ndege, au wanatua Heathrow waende Marekani. Mtu huyo treni haimfai, inamshusha mjini wakati ndege yake iko kiwanjani.

Dada wa Bujumbura

Wapendwa, naomba msaada. Nina viza ya Schengen (ile moja ya nchi nyingi za Ulaya) ya kuingia mara moja, nitafikia Paris kwa mkutano. Dada yangu yuko London. Naweza kwenda kumwona Jumamosi na Jumapili kwa treni kisha nirudi Paris kupanda ndege ya nyumbani?

Mzee wa Ramani

Dada, hapana, na nashukuru umeuliza kabla. Uingereza haimo kwenye Schengen. Kwanza unahitaji viza ya Uingereza, ile ya Schengen haikuingizi huko. Pili, ukitoka Ufaransa kwenda London umetoka Schengen, na viza yako ya kuingia mara moja imekwisha kazi. Hutaweza kurudi Paris kupanda ndege yako. Maofisa wapo kabla ya treni, kwa hiyo bila viza ya Uingereza utazuiwa Gare du Nord kabla hujafika popote. Ukiomba tena, omba Schengen ya kuingia mara nyingi na ueleze sababu, na ya Uingereza uiombe mapema. Vinginevyo dada yako ndiye aje Paris. Kama ana pasipoti ya Uingereza haombi viza kwa ziara fupi. Kama ana ukaazi tu na pasipoti ya Burundi, naye anahitaji Schengen.

Hili linawahusu pia ndugu zetu wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo. Kilomita 344, na mafaili mawili ya viza.

Kaka wa Goma

Mzee, na mimi nina langu. Nimepata tiketi ya Nairobi–London, na nyingine ya London–Paris niliyonunua kando. Nafika Heathrow saa 12:30 asubuhi, ya Paris inaondoka saa 2:00. Saa moja na nusu, viza ya Schengen ninayo. Inatosha?

Mzee wa Ramani

Haitoshi, na shida si muda tu. Tiketi zikiwa mbili tofauti, shirika la kwanza kazi yake inaishia London. Kama umekabidhi mizigo, shirika hilo la kwanza haliipeleki mbele: lazima upite uhamiaji, uingie Uingereza, uchukue begi, urudi kwenye kaunta ya shirika la pili, ukaguliwe upya. Kuingia Uingereza kunahitaji viza ya Uingereza. Kuna jamaa yetu yalimkuta haya: hakuruhusiwa hata kupanda ndege Nairobi, kwa sababu wa kaunta aliona hana karatasi za London.

Halafu hiyo saa moja na nusu iondolee muda wa kushuka, kuhamia jengo jingine (Heathrow majengo yako mbalimbali), na geti kufungwa kabla ya ndege kuondoka. Ndege ya Nairobi ikizungushwa Biggin au Lambourne dakika 20 tu, umeshachelewa, na shirika la pili halina wajibu wa kukusubiri wala kukurudishia.

Kama tiketi ya pili inarudishika, irudishe leo. Tafuta Nairobi–Paris moja kwa moja, Kenya Airways na Air France wanaruka, ni kilomita kama 6,500 na masaa nane na nusu hivi, nawe viza yako ya Schengen inakutosha. Ukikosa, nunua Nairobi–Paris yote kwenye tiketi moja, begi liende hadi mwisho, na uulize kwa maandishi kama pasipoti yako inahitaji viza ya transiti mahali utakapobadilishia ndege. Tuma hapa ratiba utakayopata kabla ya kulipa, tuitazame pamoja.

Kaka wa Goma

Nimeelewa mzee. Naandikia wakala sasa hivi, naleta jibu kesho.